Thabai Hazijui Sayansi

Nyinyi mnaonicheka kila Jumamosi mkiniona nimebeba jembe, chekeni tu, aibu ni yangu na niliitafuta kwa mikono yangu miwili, tena mitupu.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kwa kina Wawira, mchumba wangu, huko juu ya Runyenjes, na mimi ni mwalimu wa bayolojia kutoka Kangeta, shati imepigwa pasi, roho mkononi, kwa sababu Wawira alikuwa ameshanionya kwamba baba yake haozi binti kwa mwanaume asiyejua shamba (kuna wa benki alifukuzwa hata chai hajamaliza). Basi mzee kuniuliza kama nalima, nikasema, "Sana, mzee!" Uongo mtupu. Mimi hata sukuma wiki niliyopanda kwa gunia ilinikaukia.

Ingeishia hapo, lakini mama Wawira akasema anaenda kuchuma thabai za kuponda na viazi vya mukimo, zile mboga zinazowasha mpaka zipikwe, akaanza kutafuta soksi kuukuu ya kuvaa mkononi. Sijui ni shetani gani alinisimamisha.

"Mama, wewe kaa tu. Shosho yangu, mzaa baba, huzichuma hivi hivi na hasikii kitu. Ni jeni."

Nikawapa somo zima, vile jeni zinapanga neva za ngozi mtoto akiwa bado tumboni, na vile wengine huzaliwa neva zao hazipeleki uchungu kwa ubongo, nami ni wa damu hiyo. Wawira alinikanyaga mguu. Hiyo nayo niliisikia vizuri sana, lakini sikuelewa.

Tukatoka wote nyuma ya boma. Nikakamata thabai.

Woi! Neva zangu zilikuwepo zote, hakuna iliyokosa kuitika jina! Lakini mzee ananiangalia, kwa hivyo nikacheka, nikachuma tena, machozi yakatoka, nikayapangusa (kwa mkono gani? si huo huo), jicho likajifunga, nikarusha zile mboga na nusu ikaingia ndani ya shati, na hapo mwanaume mzima nikaruka ua wa ng'ombe nikiita "Mami!" mpaka majirani wakaja mbio wakidhani ni nyuki.

Wawira kwa huruma akampigia shosho yangu kuuliza dawa, akamtajia na zile jeni, simu ikawekwa sauti ya juu ili mama yake pia asikie.

"Ati jeni?" shosho akasema. "Hiyo si damu, hiyo ni jembe! Nimelima miaka hamsini, mikono ikawa migumu. Huyo hajawahi kushika jembe hata siku moja. Hata kuku anaogopa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akainuka, akaingia stoo, nikajua ni rungu anafuata. Akarudi na jembe.

"Mwalimu, ukipata mikono kama ya shosho yako, kuja tuongee."

Huu ni mwezi wa nne nalima kwake. Naapa jeni nitazitaja darasani tu, na thabai nitazishika na soksi, tena mbili mbili. Jumamosi iliyopita mzee alinipapasa kiganja mbele ya Wawira, akafikiria kidogo.

"Bado," akasema. "Hii ni mandazi."