Ile Ndefu Tuliyobishania Bungoma

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa mtu wa ile ndefu, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote wa ile fupi. Waliokaa Matisi, mtaa wa Kitale, miaka ile DVD zilipoanza kufukuza kanda sokoni watanielewa, lakini acha nieleze kwa ajili ya wengine. Kulikuwa na filamu iliyotokana na riwaya ya kubuni ya kisayansi. Mashamba ya dunia yamegoma kuzaa, na chombo kikubwa cha anga kinapeleka vijana kwenye sayari nyingine wakalime huko. Chombo kina nafasi ya vijana tu, wazazi wanabaki. Filamu hiyo ilitufikia mara mbili. Kwanza ilikuja ile fupi ya saa mbili, kisha ile ndefu ya saa tatu na nusu, ambamo mwongozaji alirudisha kila kipande alichokuwa amekatiwa. Kitale ni mji wa mahindi, na habari ya shamba lililokataa kuotesha iliwashika hata wale waliokuja video, kibanda cha kuonyeshea filamu, kutazama ngumi peke yake.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa dijei wa video ya Matisi. Dijei wa video si mtu wa muziki. Ni yule anayekaa kando ya televisheni na maikrofoni, akiitafsiri filamu kwa Kiswahili papo hapo, huku sauti ya filamu yenyewe imepunguzwa hadi ikawa mnong'ono. Aliigiza wazee, watoto na mashine, na maongezi ya wazungu yakimchosha aliyamaliza kwa sentensi moja. Watu walikuja kumsikia yeye kuliko kuona picha. Mimi nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini. Tulipanga chumba kimoja, vitanda viwili na pazia katikati, na kila Jumapili alasiri niliketi benchi ya mbele, mwanamke peke yangu. Aliyetaka nitoe kichwa aone vizuri alikuwa anajua jibu langu.

Ubishi wenyewe ulihusu mama. Katika ile fupi, binti anapanda ngazi ya chombo, mlango unafungwa, na mara tunamwona yuko angani. Mama yake tumemwacha huko nyuma kwenye umati, basi. Lakini katika ile ndefu, vile kaka yangu alivyotuonyesha Jumapili moja ya mvua, mama anapenya umati mpaka mlangoni. Uso wake unajaa televisheni nzima, umetulia, hata kope hazipigi, na anamwambia binti yake, "Huko uendako kuna baridi. Sweta uvae ndani ya shati, si juu, wasikucheke. Na usimlaumu mtu. Ni mimi niliyesema uende bila kuitwa." Wanaume waliotoka shambani na gambuti zao waliinama chini kana kwamba wameangusha kitu. Midomo ya yule mama haikusogea, lakini video ya Matisi hakuna aliyekuwa akiangalia midomo. Ukizoea sauti ya dijei, hutarajii mdomo ufuate maneno. Tulisema anaongea na binti yake moyoni, na tukamsifu mwongozaji kwa akili hiyo.

Nilikuwa na sababu yangu ya kulipenda onyesho hilo, na sitaificha. Mama yetu alifariki hospitalini Bungoma nikiwa shule ya bweni kule Cheptais, katikati ya mtihani wa kidato cha nne. Hakuna aliyeniita. Kaka alikuja kunichukua nilipomaliza karatasi ya mwisho, na nilipofika nyumbani Myanga nikakuta turubai na viti vya kukodi uwanjani. Nilimuuliza kila mtu mama alisema nini mwishoni. Walisema alikuwa amechoka. Kaka naye alisema vivyo hivyo, amechoka, kisha akaenda kutafutia wageni maji. Miaka minne ilikuwa imepita na nilikuwa bado nauliza, ingawa si kwa mdomo. Kwa hiyo mtu akisema ile ndefu ni ya kulaza watu, nilimjibu kwa hasira ambayo filamu haikustahili. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: kuwe na mama mahali fulani, hata kama ni kwenye sinema, aliyepata nafasi ya kumuaga binti yake.

Basi jamaa aliyekuwa akituletea DVD kutoka Bungoma akaja na habari kwamba mashabiki wa huko wanatucheka. Walikuwa wakikutana kila Jumamosi katika duka la kukodisha filamu, karibu na soko, na walisema onyesho hilo halimo katika ile ndefu wala mahali popote, watu wa Kitale wanaota. Nilisema nitakwenda na diski yetu niwaoneshe. Kaka yangu alikuwa anakunywa uji. Akakiweka kikombe chini, akasema niachane na watu wa Bungoma bana, wana maneno mengi. Nilipomkazia, akasema diski yenyewe ilikwaruzwa akaitupa. Nikamwambia sawa, nitaikuta ya kwao.

Jumamosi nilifika duka hilo la Bungoma saa nne asubuhi na ubishi tayari ulikuwa umechemka. Mashabiki kama kumi hivi walikuwa wamebanana kwenye viti vya plastiki, chai mkononi, na ungedhani ni kikao cha kugawa shamba. Upande mmoja ulitetea mavuno, dakika kumi na mbili za watu wakivuna nafaka ya bluu bila kusema neno, ukisema hapo ndipo filamu ilipo. Mwendesha boda boda mmoja akasema yeye amevuna mahindi tangu azaliwe na hawezi kukaa kumwangalia mzungu akivuna. Mkubwa wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole wa miwani, ambaye pekee alikuwa na riwaya yenyewe. Aliivalisha karatasi ya kaki kama daftari la mtoto, na pembeni mwa kurasa alikuwa ametia vema kwa penseli kila mahali palipoingia katika filamu. Kwake fupi na ndefu zote zilikuwa na makosa, ila ndefu ilikuwa na makosa machache zaidi.

Watu wale walikuwa na sheria yao moja. Anayedai kwamba kitu fulani kimo ndani ya filamu ndiye anayeshika rimoti, na kikifika anaisimamisha picha kwa mkono wake mwenyewe, wote waone. Mwenye duka akanikabidhi rimoti kwa heshima zote. Nikaketi mbele, mgongo umenyooka, nina hakika kama mtu aliyekuja na cheti.

Ile ndefu ikaenda. Umati ukaja, ngazi ikaja, binti akapanda. Mama akapenya mpaka mlangoni, nikanyanyua rimoti. Akainua macho, akatikisa kichwa mara moja kama mtu anayeitikia salamu, na mlango ukafungwa. Hata pumzi mbili hazikufika. Nikarudisha nyuma. Akainua macho, akatikisa kichwa, mlango. Nikarudisha tena. Mara ya pili walicheka, na wa boda boda akauliza kama Kitale tunaona na macho ya nyuma. Mara ya tano hakuna aliyecheka. Nadhani walikuwa wameuona uso wangu.

Mwalimu akasogeza kiti chake karibu. "Mayi," akaniambia, vile watu wa kwetu wanavyomwita binti kwa heshima, "hata kwa kitabu haiko. Huyo mama haongei. Mimi nimesoma mara nne nikitafuta, kwa sababu hata mimi nilitaka aongee."

Kisha akaniuliza kama ile yetu ilikuwa inakwama. Mwenye duka akadakia kwamba hizo diski za kuchomwa, yaani nakala za kompyuta, zikikwaruzwa picha husimama, uso ukabaki hapo hapo dakika mbili tatu, halafu filamu ikaruka ikaendelea. Nikazikumbuka zile kope zisizopiga. Nilimrudishia rimoti yake, na walipoanza kubishana juu ya jambo lingine nikajua wamefanya hivyo kwa huruma, nikawashukuru moyoni.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya watu kwenda kanisani, nilimkuta kaka yangu akipiga shati pasi ya makaa juu ya kitanda chake. Nilikuwa nimejitayarisha kumgombeza kwa kunifanya niaibike mbele ya watu. Nilimwambia nimeiona, haina yale maneno, diski ilikwama na yeye akajaza. Hakubisha. Alisema picha iliposimama watu walianza kupiga miluzi, maikrofoni ilikuwa mkononi, akafungua mdomo bila kujua atasema nini, na alipojisikia alikuwa ameshasema.

"Hayo maneno si yangu," akasema. "Ni ya mama."

Alisema bila kuniangalia, akiipiga pasi kola ile ile. Mama alikuwa amesema nisiitwe mpaka nimalize mtihani. Alisema akinisikia nalia pale wodini hatakuwa na nguvu ya kunirudisha shule. Habari ya sweta na baridi ya Cheptais, na ya kutomlaumu mtu, yote alimtuma kaka aje aniambie. Nikamuuliza ni nini kilichomfunga mdomo miaka minne, kama ujumbe wenyewe ulikuwa huo tu. Sikujua kama niliuliza kwa hasira au kwa furaha kwamba hatimaye nimeletewa ujumbe wangu.

"Ningekwambia, ungeniuliza kama alisema hivyo mpaka mwisho."

"Na alisema hivyo mpaka mwisho?"

Akaiweka pasi juu ya bati. Akasema hapana. Siku yake ya mwisho, asubuhi na mapema, mama alibadili nia. Alisema aitiwe mimi. Kaka akamkumbusha alivyosema juu ya mtihani, naye akajibu kwamba anajua alichosema, aende tu akaniite. Kaka alitoka mpaka kwenye lango la hospitali. Akasimama hapo akihesabu karatasi zangu mbili zilizobaki, akimkumbuka mama alivyokuwa akihangaikia shule yangu kuliko maisha yake, na akashindwa kwenda na akashindwa kurudi. Mwishowe alirudi. Akamdanganya kwamba amepiga simu shuleni na nimeshatoka.

Mama akaomba abadilishiwe kitambaa cha kichwa. Kisha akawa anauliza nimefika wapi. Kaka akamwambia nimefika Sirisia. Alipouliza tena akamwambia niko Chwele, nimekutana na yule mama wa kanisa anayeuza ndizi, amenisalimia sana. Mama akataka kujua kama nimekonda. Akamwambia la, nimenenepa, na barabara ni kavu, hakuna matope. Akaenda naye hivyo mpaka alasiri, akinipitisha kituo kwa kituo, akiniwekea watu wa kunisalimia njiani, kijana wa miaka ishirini na mitatu ameshika mkono wa mama yake.

"Nilipomwambia umepita Mayanja, akasema, basi ako karibu," kaka yangu akasema. "Hakuuliza tena."

Nilimkasirikia. Niseme ukweli, nilimkasirikia kiasi cha kutaka kulivuta pazia na kufunga mzigo wangu, kwa sababu mama aliniita kwa kinywa chake na huyu mtu akanizuia mlangoni. Na papo hapo nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote aliye hai. Hasira na upendo vilikuwa vimekaa kifuani mwangu pamoja, hakuna kilichotaka kumpisha mwenzake, na sasa naandika haya nikiwa mtu mzima bado havijapishana.

Kengele ya kanisa ilikuwa imeanza kulia. Shati lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja tu. Nilisogeza pazia, nikaketi kitandani kwake, nikamwambia anisimulie hiyo safari upya, kuanzia getini Cheptais, kila mtu niliyekutana naye, na asiruke mahali popote. Akajifuta uso kwa lile shati, akaanza.