Kinu Kilichosikika Uingereza

Maalim wetu amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, lakini mimi sijamsamehe. Watu huniambia niyaache, yamepita. Wayaache wao, wao hawakutwanga.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini shule yetu, upande wa Micheweni, ilitiwa urafiki na shule moja ya Uingereza. Mzungu mmoja wa mambo ya elimu, aliyekijua Kiswahili vizuri, angekuja na mashine ya kunasia sauti. Sisi tuimbe, mmoja wetu atoe salamu, kisha utepe upelekwe huko ukasikilizwe na wenzetu. Maalim alituhutubia mpaka mate yakamkauka: watoto wa dunia nzima ni ndugu, hakuna mkubwa wala mdogo. Salamu akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa na sauti kubwa.

Nilijiona nimeshafika Ulaya. Bibi yangu, mzaliwa wa Kojani, aliitangaza habari hiyo hadi Kiuyu. Kila jioni alinisimamisha uani nimsalimie yeye badala ya hao Wazungu.

Asubuhi ya siku yenyewe Maalim akaniita pembeni. Alikuwa mtu wa mjini Unguja, na kanzu yake siku hiyo ilipigwa pasi ikakakamaa.

"Salamu atatoa mpwa wangu," akasema. "Maneno yako ya shamba mno, tutachekwa. Nenda nyumbani ukamsaidie mke wangu kutwanga mpunga wa mgeni."

Nyumba yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na darasa. Niliposikia mpwa wake anaanza salamu zangu, neno kwa neno kama nilivyozihifadhi, nikaunyanyua mchi nikaushusha kwa nguvu zangu zote. Kila pigo nilimtia Maalim kinuni. Mkewe akatoka jikoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, watwanga au waua ntu?"

"Natwanga, Bi," nikamjibu, na nikazidisha.

Utepe ulikuwa mmoja tu. Ulikwenda Uingereza hivyo hivyo, na vishindo vyangu ndani yake.

Miezi ikapita, Mzungu akarudi na majibu. Tukakusanywa, mashine ikawashwa, watoto wa kule wakaimba, na chini ya wimbo wao ikasikika ngoma. Mzungu akatufasiria: wameipenda sana ile ngoma yetu, wamejaribu kuiiga, na wanaomba waisikie tena.

"Ile niliipanga mimi," Maalim akasema, wala hakuona haya.

Salamu zangu alishaniibia, sasa ananiibia na hasira zangu.

Kinu kikaletwa barazani na mpunga ndani. Mpwa wake akasimama tayari kutoa salamu, mimi nikapewa mchi. Mashine ikaanza kuzunguka. Nikausimamisha mchi kinuni, nikauegemea.

"Twanga!" Maalim akaninong'oneza, huku akimchekea mgeni.

"Sitwangi, Maalim. Mie n'tasema salamu zangu. Anotaka kutwanga atwange."

Mzungu akacheka. Akasema kwake ni sawa, mtoto aseme, lakini wenzetu wanaisubiri ngoma. Kisha akamgeukia Maalim kwa upole kabisa: si yeye ndiye aliyeipanga? Basi bila shaka anaijua.

Shule nzima ikamtazama. Nikamkabidhi mchi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Alitwanga na kanzu yake ile ile. Mimi nikasimama mbele ya mashine nikatoa salamu nilizozihifadhi, nazo zikaisha upesi. Nikamtupia jicho Maalim: jasho linamchuruzika, pumba zimemjaa ndevuni. Nikaona bado. Nikaongeza salamu za bibi yangu, za wajomba zangu wa Kojani mmoja mmoja, za majirani, za mbuzi wetu, na kila nilipomwona anataka kupumzika, nikamkumbuka jamaa mwingine.