Kofia ya Kutubia

Juzi nikiwa duka la kofia, mtaa wa Ndia Kuu, aliingia msemaji wa yule mwimbaji aliyenaswa kwenye video akimtukana mamake.

"Bibi, nataka kofia iliyochakaa," akamwambia mwenye duka. "Ijumaa tunampiga picha akitoka msikitini. Watu wasipoamini, mimi sina kazi."

"Kofia haichakai dukani, mwanangu. Huchakaa kichwani."

Basi akanunua mpya, akaikunjakunja, akaiweka kitini na kuikalia, huku akiuliza kwenye simu msikiti upi una mwanga mzuri.

Picha nimeiona. Mashabiki wanasema kijana ameswali mpaka kofia imechoka. Mimi nayajua makalio yaliyoichosha. Ninalouliza ni moja tu: kwa mama mtu, nani amekwenda kuomba radhi?