Mtunza maabara aliyepewa siku tano kuchagua kati ya ualimu na sayansi

Kengele ya kwanza bado haijalia, lakini mtunza maabara ameshaosha bureti ishirini na nne, ile mirija mirefu ya kupimia kemikali, na kuzisimamisha kwenye vishikio vyake. Anazitazama, kisha anazipanga upya. Ni Alhamisi. Kesho saa sita mchana mtandao wa udahili wa chuo kikuu utafungwa, naye hajachagua.

“Tangu Jumatatu sijakaa kitako,” anasema. “Hata chai nainywa nimesimama.”

Ana miaka thelathini na minne, watoto wawili, na miaka kumi na mmoja kwenye maabara ya shule hii ya sekondari ya wasichana. Wanafunzi wanamwita Mama Asidi. Yeye anasema ni kwa sababu ya kovu la mkononi. Wao wanasema ni kwa jinsi anavyomkaribisha anayeingia bila koti la maabara.

Alisoma stashahada ya maabara kwa masomo ya jioni, kisha akaomba chuo. Jumatatu simu yake ilipokea ujumbe mara mbili: amepata nafasi ya Shahada ya Ualimu wa Sayansi, na amepata nafasi ya Shahada ya Sayansi, upande wa kemia. Anaruhusiwa kuthibitisha moja tu.

“Jirani yangu aliniambia hiyo ni shida ya mwenye vyungu viwili jikoni. Nikamwambia, vyote viwili vinaungua.”

Nyumbani kila mtu ana lake. Mumewe ni fundi wa majokofu. Mama yake mzazi, wanayeishi naye, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Jumanne jioni hao wawili walishikana maneno.

“Mtu hajengi nyumba ya mlango mmoja,” alisema mume. “Akisoma sayansi, kiwanda kitamtaka, hospitali itamtaka. Ualimu ni shule tu.”

Mama hakuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa anachambua. “Mkwe wangu, nyumba ya milango mingi ndiyo inayoingiwa na wezi. Mwalimu anajulikana ni mwalimu. Hao wenu wa kila kitu, ukiwauliza kazi yao, wanaanza kueleza.”

Watoto walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu kilichokuwa kinamsumbua hakuna aliyekitaja.

Mwaka jana mwalimu wa kemia alikwenda likizo ya uzazi, na mkuu wa shule akamwomba mtunza maabara “akae” na kidato cha tatu kwa wiki tatu. Siku moja aliwachomea chumvi ya shaba, na mwali wa moto ukageuka kijani. Msichana wa nyuma akauliza: “Mama, kwa nini kijani? Kwa nini si rangi nyingine?”

“Nikamwambia ndivyo ilivyo,” anakumbuka. “Jioni nikakusanya madaftari. Kaandika swali lake vizuri, na chini yake: Jibu, ndivyo ilivyo. Kalipigia mstari kwa rula.”

Anarudi kwenye bureti zake. “Jaribio lile nimeliandaa labda mara mia. Najua chumvi kiasi gani inatosha. Kwa nini, sijui.”

Lakini wiki zile tatu ndizo alizozipenda kuliko zote. Wasichana walikuwa wanakataa kwenda mapumzikoni. Ndiyo maana hata ualimu haumtoki.

Jumatano aliomba ruhusa akaenda chuoni. Alipanga foleni saa moja na nusu. Karani wa udahili alimweleza bila kuzunguka: ualimu ni miaka mitatu na ukitoka unaingia darasani, ila karibu nusu ya vipindi ni mbinu za kufundisha. Sayansi nayo ni miaka mitatu, kemia mpaka chini kabisa, lakini ukitaka kufundisha utaongeza mwaka wa stashahada ya uzamili.

“Nikamuuliza, ungekuwa wewe? Akasema, ‘Dada, mimi nilisoma historia. Sasa hivi nagonga mihuri.’”

Ijumaa, saa sita kasoro dakika ishirini, alijifungia stoo ya kemikali akathibitisha Shahada ya Sayansi. Kisha akampigia mama yake.

“Umeikimbia chaki,” mama alisema.

“Sijaikimbia, mama. Nimeizunguka.”

“Na watoto watasoma na nani jioni?”

“Na wewe.”

“Kumbe sijastaafu,” mama akajibu, akakata simu.

Mkuu wa shule amemruhusu aende masomoni bila mshahara, lakini hakuahidi kumtunzia nafasi. Mumewe sasa anatengeneza majokofu hata Jumapili. Masomo yanaanza mwezi ujao.

Jumatatu iliyofuata anaandika lebo mpya za chupa, kwa herufi kubwa, ili atakayempokea asipotee. Ameandika neno “amonia” mara mbili kwa makosa.

“Nilidhani nikishathibitisha moyo utatulia. Wapi. Usiku naota niko kwenye ile kozi nyingine.”

Mpango wake ni kuomba mwaka ule wa ualimu mara tu atakapomaliza shahada. Atakuwa na miaka thelathini na saba.

“Nikifika huko nikakuta bado natamani darasa, nitaingia nikiwa na cha kuwajibu watoto. Nikikuta hamu imekwisha, basi hayakuwa mapenzi, yalikuwa mazoea,” anasema, akibandua lebo iliyokosewa. “Hilo ndilo ninaloliogopa. Lakini ninaenda.”