Pale Simu Iliposhika

Mwaka wa 1999, upande wa Kenya wa Malaba, palikuwa na mahali pamoja tu ambapo simu ya mkononi ilishika vizuri, na mahali hapo palikuwa juu ya kaburi la mume wa Anjeline Akurut.

Aliyepagundua ni Ochuodho, dalali wa mizigo aliyehamia mpakani kutoka pande za ziwani. Simu yake ilikuwa ya laini ya Uganda. Mnara ulikuwa ng'ambo, kuelekea mwamba wa Tororo, na mawimbi yake yalivuka mto bila kugongewa muhuri na mtu yeyote, ila yakifika huku yalikuwa yamechoka. Ochuodho aliizungusha simu hiyo mji mzima, mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, mpaka siku alipoingia uani kwa Anjeline na kupanda kwenye simiti bila kufikiri. Simu ikalia.

"Shuka," Anjeline akamwambia.

Akashuka. Simu ikanyamaza.

"Yoga, mama," akamsalimu kwa Kiteso chake cha kuokoteza. "Nisamehe. Nimetembea tangu kule malori yanakolala. Ni hapa tu inashika."

"Hapo amelala mtu."

"Naona, mama." Akasita. "Wewe huna mtu mbali?"

Alikuwa naye. Egwang, mtoto wake wa pekee, aliondoka Juni ya mwaka uliotangulia, akawa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la kwenda Kigali. Baba yake, Omuse, alikuwa amemtafutia nafasi ya kusomea ualimu. Walijibizana langoni mpaka majirani wakaacha kazi zao kusikiliza, na Omuse, mtu wa maneno machache, akamaliza kwa kusema, "Ukienda, nenda." Egwang akaenda. Miezi miwili baadaye vita vikawaka Kongo, na habari zake zikakatika. Novemba Omuse akafa kwa ugonjwa wa kifua, akazikwa bila mwanawe. Egwang hakujua. Barua mbili ambazo Anjeline alimwandikia zilirudi zikiwa zimefungwa vilevile. Simu ya nyumbani Omuse aliijazia fomu miaka kumi kabla ya kufa, lakini nguzo ziliishia njia panda.

"Nitakuandikia namba yangu," Ochuodho akasema. "Wape madereva wa Kigali. Kama yuko hai, itamfikia."

Hilo "kama yuko hai" ndilo lililomshinda Anjeline. Akakubali simu ipigiwe pale, kwa sharti kwamba atakayepanda avue viatu kwanza.

Aligawa namba ile kwa madereva waliosubiri karatasi zao forodhani. "Mwambieni Egwang apige," alisema. "Msimwambie jambo lingine." Alitaka kifo cha baba yake akisikie kutoka kinywani mwake, si kutoka kwa mtu anayekunywa chai kando ya barabara.

Watu wakaanza kuja kupiga simu. Wachuuzi wa vitenge, mawakala, wanawake wenye waume Kampala, wote walipanga foleni uani, miguu mitupu, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kusimama juu ya Omuse.

"Huyu mzee hakuwa anaongea," mmoja wao alisema siku moja. "Angalieni sasa, yeye ndiye posta."

Wakacheka, kisha wakamwona Anjeline mlangoni, wakaacha.

Oluka, mdogo wake marehemu, alikuja kutoka Amagoro akasimama akiitazama foleni ile kwa muda mrefu.

"Kaka yangu umemfanya ngazi," alisema.

"Mpaka mtoto apige, shemeji."

"Na asipopiga?"

Anjeline akarudi jikoni.

Kutoka jikoni alisikia kila kitu. Mtu alitangaza msiba, mwingine akauliza bei ya samaki, mwingine akaapa yuko Nairobi ilhali Anjeline anamwona vidole vya miguu. Walipoondoka, ua haukunyamaza. Alifagia nyayo kuizunguka simiti na chini ya ufagio akasikia vipande vya maneno vilivyosahauliwa: umefika salama, nani amekufa, unanisikia, unanisikia. Omuse hakupenda hata redio ya jirani. Sasa mji mzima ulipitisha maneno yake kifuani mwake. Mara nyingine Anjeline alipopita na ndoo alihisi kwamba mumewe, huko chini, amegeuka upande wa ukuta, kama alivyogeuka enzi zake akiwa na hasira. Alitua ndoo, akamwomba radhi, akangoja ageuke tena.

Miezi saba ilipita hivyo.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, Ochuodho alipoita, "Mama, ni wako."

Anjeline alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Alisimama kando, akanyoosha mkono, akaipokea simu. Ilikoroma, ikakata.

"Lazima upande, mama. Atapiga tena."

Ilipolia mara ya pili, alivua ndara zake akapanda. Simiti ilikuwa na joto la jua, kama mgongo wa mtu, na joto hilo lilimtisha.

"Mama?" Sauti ilikuwa imekomaa, imeingia vumbi.

"Egwang."

"Niko Kigali. Tulikwama Bukavu, mama, nilidhani sitatoka. Baba yuko?"

Akaitazama miguu yake. "Yuko hapa."

"Mpe simu. Usimuulize kama anataka. Mpe tu."

Anjeline alipiga magoti, akailaza simu juu ya simiti.

Sauti ya Egwang ilitoka ndogo, kama nyuki ndani ya gunia. Hakuna aliyeshika neno hata moja. Ochuodho aligeuza uso. Kwenye foleni mtu alivua kofia. Sauti iliendelea, ikapanda, ikavunjika, ikaanza upya, kisha ikaacha, na simu ikabaki pale ikingoja jibu.

Akaiokota.

"Mama, amekataa kuniongelesha?"

"Hakukataa. Baba yako tulimzika Novemba, mwanangu. Nimesimama juu yake. Ni hapa tu simu inashika."

Alisikia honi ya lori, mbali, huko Kigali. Alidhani imekata.

"Alisema nini juu yangu?"

Watu walimtazama. Yeyote kati yao angempa kijana yule baraka, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Omuse hakulitaja jina la mwanawe mpaka alipokata roho, na Anjeline hakuweza kumsingizia akiwa pale aliposimama.

"Jina lako hakulitaja," alisema. "Lakini alipolala kitandani, kila lori lililopita aliniuliza linatoka wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia Kigali. Hata yale yaliyotoka Mombasa."