Nyumba Iliyokatazwa Chemchemi

Nikiwa bado mtoto wa darasa la tatu, nyumba yetu ilifungwa. Haikufungwa kwa kufuli. Mlango ulikuwa wazi, kuku waliingia na kutoka, na moshi ulipanda kama kawaida. Ilifungwa kwa mila. Sisi Wairaqw hali hiyo tunaiita metimani. Mtu wa nyumba iliyofungwa haingii kwa jirani, haazimi jembe, haombi kaa la moto, mbuzi wake hawachanganyiki na wa wengine, na zaidi ya yote hagusi maji ya watu. Anakaa hivyo mpaka wazee waje kuisafisha nyumba. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa haraka, kwa sababu wenzangu wa kucheza rede waliacha kuja, na nilipowapungia mkono ng'ambo ya uzio walitazama chini.

Tulifungwa kwa sababu ya kaka yangu Emanueli.

Tunakaa upande wa Hanang, karibu na ziwa lenye viboko. Baba alihamia hapa akitafuta shamba, akamleta mama, na baadaye akamleta bibi, mama yake mzazi, kutoka Tumati kule Mbulu. Vijana waliozaliwa ziwani walituita watu wa milimani. Walikuwa na mchezo wao wa Jumapili baada ya misa: kuogelea kutoka ufukweni hadi kwenye matete yaliyoota mbali majini, kisha kurudi. Kabla ya kuingia, kila mmoja alitema mate majini na kutaja jina la baba yake. Waliamini kiboko akishasikia jina hakugusi, maana ameshajua wewe si mgeni.

Emanueli alijifunza kuogelea ukubwani, kwa siri, kwa sababu ya kuchekwa.

"Nyie wa milimani mnaelea kama jiwe la kusagia," kijana mmoja alimwambia siku ile.

"Leo utaniona visigino tu," kaka alijibu, akanipa shati lake nimshikie.

Alitema mate. Alitaja jina la baba kwa sauti, mpaka wenzake wakacheka. Kisha akaogelea, na kweli aliwaacha wote. Alipokaribia matete, maji yaliinuka mbele yake kama mtu anavyoinua blanketi. Niliyoyaona baada ya hapo sitayaandika. Wenzake walirudi wakilia kama watoto, na wavuvi wakamleta kwa mtumbwi kabla jua halijashuka. Mimi nilikuwa bado nimeshika shati.

Siku hizi nauza dukani kwa Mama Zaituni, jirani yetu, ambaye wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Katesh. Juzi kijana wa bodaboda alikaa pale nje na simu yake, akiangalia video ya papa wa baharini. Alikuwa anacheka na mwenzake.

"Mimi papa ninayemjua ni yule wa Roma," mwenzake alisema.

"Huyo haumi. Angalia huyu, mdomo kama mlango wa trekta!"

Nilisogea nikaangalia. Mtaalamu mmoja alikuwa anaeleza kwamba watu wengi sana huogelea baharini maisha yao yote na papa hawawagusi. Ila hatari inaongezeka kwa mtu anayeingia peke yake, alfajiri au magharibi, kwenye maji yaliyochafuka, mahali ambapo papa mwenyewe anakula au anapita. Wale vijana waliiruka, wakatafuta video ya mpira. Mimi nilirudi ndani nikapanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Hayo maneno yalimhusu samaki ambaye sitamwona kamwe, lakini niliyasikia kama ya mtu anayesimulia habari za mama yangu.

Baada ya mazishi ya Emanueli, wazee walikuja. Hawakuingia. Walikaa kwenye nyasi nje ya uzio, na baba akasimama ndani.

"Damu imemwagika majini," mzee aliyewaongoza alisema. "Nyumba hii ipumzike mpaka baada ya mavuno."

"Nimekubali," baba alisema. "Tutachota maji wapi?"

Kijiji kizima kilikuwa na chemchemi moja tu, chini ya mtini mmoja mkubwa, na ndiyo ilinywesha watu wote.

"Chemchemi ni moja," mzee alisema. "Ikichafuka tumekwisha wote. Ziwa lipo. Ziwa limeshashika damu yenu, haliwezi kuchafuka kwa ajili yenu tena."

Hakuna aliyesema kwa ubaya. Mzee yule alikuwa akifuta machozi kwa kona ya shuka lake, maana Emanueli alikuwa akimchungia ndama. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari hii hutafuta mtu mbaya ndani yake, na mimi nimemtafuta miaka mingi sijampata.

Baba alihamisha ng'ombe porini, upande wa Dirma, ili wasichanganyike na wa wengine, akawa analala huko siku nyingi. Nyumbani tulibaki mama, bibi, mimi, na mdogo wangu Tekla aliyekuwa bado ananyonya. Mwalimu wangu hakunifukuza shule. Alikuja hadi uzioni akaniambia nipumzike kidogo, wazazi wa wengine wana wasiwasi. Katekista naye alikuja, akatuambia kwa sauti kubwa kwamba hizi ni imani za kizamani na Wakristo wasizifuate. Aliyasema yote hayo akiwa amesimama nje.

Bibi ndiye aliyeshika mila kuliko sisi wote. Jioni ya kwanza alimwita mama jikoni.

"Maji yakishaonja nyumba, hurudi kuitafuta," alimwambia. "Ukienda kuchota, chota upesi. Usiyape mgongo."

"Nimesikia, mama."

"Usinijibu hivyo kama mtu anayepokea salamu. Nimekuambia yatarudi."

Nilikuwa pembeni nambembeleza Tekla. Tangu siku ile, kila mama alipochukua ndoo, sikulala tena mpaka aliporudi.

Sasa nitaeleza jinsi mama alivyokuwa anachota, kwa sababu humo ndimo mambo yote yalimo. Mtu wa nyumba iliyofungwa hatakiwi kukutana na watu njiani. Kwa hiyo mama alikwenda alfajiri, kabla watu hawajaamka. Hatakiwi kukanyaga mahali wanapochotea wengine, kwa hiyo hakwenda bandarini kwa wavuvi, ambako kuna watu na kelele. Sehemu nyingine yote ya ufuko imefungwa na matete. Palikuwa na uwazi mmoja tu, njia pana iliyolala chini, na kila mtu wa kwetu anajua ni nani aliyeilaza. Kiboko hutoka majini jioni, hula majani usiku kucha, na alfajiri hurudi ziwani kwa njia yake ileile. Akikuta mtu amesimama kati yake na maji, hasubiri.

Mama alilijua hilo. Hakuwa mjinga. Alikuwa anasimama juu kwanza, anasikiliza, anarusha mawe, kisha anashuka.

Wiki za mwanzo Mama Zaituni alikuja uzioni na mtoto wake mgongoni.

"Mama Ema, hodi!"

"Simama hapo hapo, dada. Usipite."

"Nisimame kwani mimi ng'ombe? Simtanki langu limejaa mvua ya juzi. Mtume huyo binti na ndoo."

"Asante. Sitaki."

"Hutaki nini? Mimi Mwislamu, haya mambo yenu hayanihusu."

"Yatakuhusu siku huyo mtoto wako akiumwa tumbo," mama alisema. "Watasema ni ndoo yangu. Na wewe mwenyewe, moyoni, utasema hivyo hivyo. Na duka lako je? Nani atanunua unga kwa mtu aliyenipa maji?"

Mtoto mgongoni mwa Mama Zaituni alikuwa anachezea hereni ya mama yake.

"Mimi wangu ameshakwenda," mama alisema, taratibu sasa. "Sitaki kuwaogopea na watoto wa wenzangu. Nenda, dada. Mungu akubariki."

Mama Zaituni aliniambia mwaka jana kwamba aliondoka pale akiwa amefarijika, na kwamba kufarijika huko ndiko kunamuuma mpaka leo.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Watu hupenda kusema mbwa alilia au bundi alitua, lakini mimi nakumbuka asubuhi ya ukungu tu, baridi ya mwezi wa saba inayofanya vidole kuwa vizito. Tekla alikuwa na homa, kwa hiyo mama alichelewa kidogo akimnyonyesha. Alipotoka kulikuwa kunaanza kupambazuka. Alinifunika miguu kwa kanga, akasema, "Akiamka mpe uji uliobaki." Akachukua ndoo.

Tulisikia ndoo kabla ya kumsikia yeye. Ilikuwa ndoo ya bati, na ilitoa mlio mmoja.

Bibi alitoka mbio bila fimbo. Mimi nilimfunga Tekla mgongoni nikamfuata hadi ziwani. Wavuvi walikuwa wamefika kutoka bandarini, wamesimama juu kwenye nyasi, wanaume wazima wanne au watano. Mama alikuwa chini, nusu kwenye tope, nusu majini. Kiboko alishaingia ziwani. Wale wanaume walikuwa wanaita jina la baba, ambaye alikuwa mbali Dirma, na hawakushuka. Nyumba ilikuwa imefungwa. Kumgusa mama ilikuwa ni kuchukua alichobeba na kukipeleka kwa watoto wao.

Bibi aliwapita. Alimshika mama kwapani akamvuta, na hakuweza. Alivuta tena. Nilikuwa nimemshika mama mkono, na mkono bado ulikuwa na joto, na bibi alikuwa anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

Ndipo kijana mmoja alipotupa kasia lake. Alikuwa yuleyule aliyemwambia Emanueli kwamba tunaelea kama jiwe la kusagia. Alishuka akambeba mama peke yake mpaka nyumbani, na mama yake mwenyewe hakumruhusu kuingia ndani ya nyumba yao mpaka wazee walipomfanyia dawa. Mama alifika nyumbani hai. Aliuliza kama Tekla ameamka. Gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana, halikuwa na kazi tena.

Kila mtu kijijini alisema bibi alikuwa ameona mbele. Maji yalirudi kwenye nyumba ileile, kama alivyosema. Walimheshimu zaidi. Wengine walikuja uzioni kumwamkia, "Shikamoo bibi," kwa sauti ya hofu, kama vile yeye ndiye aliyeyatuma.

Siku chache baada ya mazishi, mchana jua likiwaka, bibi alichukua ndoo akaniambia nichukue ya pili. Tulikwenda chemchemini. Wanawake waliokuwa pale walisogea. Bibi alichota, akanitwisha, akachota ya kwake, kisha akamgeukia yule mzee aliyekuwa amekaa na mbuzi wake karibu na mtini.

"Kule Tumati," alimwambia, "nyumba ikifungwa hupewa kijito chake. Vijito viko kila bonde. Mtu anakaa na msiba wake na maji yake, hadhuriki. Mimi nimeleta mila huku. Sikuweza kuleta kijito."

Tukaondoka, na hakuna aliyetufuata. Mvua zilipoanza, watoto wawili waliharisha kama watoto wanavyoharisha kila mvua zikianza, na wapo waliosema ni sisi. Bibi aliwaambia waje wamuulize yeye. Hakuna aliyekuja.

Nilirudi shule baadaye, nyumba iliposafishwa. Nilimaliza la saba, nikafika kidato cha pili, kisha bibi akashindwa kutembea na Tekla alikuwa bado mdogo, na mtu wa kukaa nyumbani alikuwa ni mimi. Silalamiki. Nasoma ninachokipata, hata magazeti ya kufungia vitunguu.

Bibi bado yupo. Hajawahi kusema kwamba mila ni uongo, nami simwambii. Nimefikiri sana juu ya onyo lake. Lilikuwa la kweli. Maji yalirudi. Lakini maji hayakutoka ziwani kuja kugonga mlango wetu. Ni sisi tuliotumwa kwenye njia ya mnyama, saa yake, peke yetu, kila siku, na mtu akitumwa hivyo kila siku, onyo lolote litatimia. Sijui kama nikilisema hili nitakuwa nimemdharau bibi. Naona yeye alilijua kabla yangu, siku ile pale chemchemini.

Jumapili iliyopita Tekla alirudi kutoka ziwani nywele zikiwa mbichi. Wasichana nao wanaogelea siku hizi, karibu na bandari, mchana. Nilitaka kumchapa, lakini alianza yeye kuuliza.

"Dada, wanasema mimi nisiingie. Wanasema kiboko anaijua nyumba yetu."

"Kiboko hajui nyumba ya mtu," nilimwambia. "Anajua njia yake na saa yake. Wewe usikae kwenye njia yake, na usiende saa yake."

Alifikiri, akikamua maji kwenye sketi.

"Sasa mama alikosea nini?"

"Hakukosea."

"Basi kwa nini alikwenda pale?"

"Hakuwa na maji mengine."

Aliendelea kunitazama, akisubiri niongeze kitu. Nilimpa kanga ajifute.