Koki ya Kogo

Mteja akinipigia kusema gesi haiwaki, hiyo ni kazi. Mama Chebet wa Kaptagat alinipigia kusema gesi inawaka vizuri sana, ila ameifunga na kurudia kuni. Hiyo ikawa safari. Mimi ni fundi wa biogesi, ile ya kinyesi cha ng'ombe, na majirani wake sita walikuwa wamesema watajenga mitambo yao wakishaona wake umedumu. Ulikuwa umedumu wiki tatu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka Kimumu na pikipiki yangu, mabomba na jiko la akiba vimefungwa nyuma, hasira imekaa mbele. Kwenye mlima wa kuingia Kaptagat wakimbiaji wawili walinipita. Mmoja alinisalimia, tena bila kuhema. Sikumjibu.

Saa mbili nilifika. Jikoni moshi ulikuwa umetanda, na jiko langu la gesi lilikuwa limefunikwa kitambaa cha maua. Mama Chebet alinipa chai ya maziwa. Nilikunywa vikombe viwili, maana chai haikuwa na kosa.

"Mama, mtambo una shida gani?"

"Hauna shida. Shida ni Kogo."

Kogo ni nyanya wa boma la pili, anaishi peke yake. Kwa miaka mingi alikuja kila asubuhi na kipande cha bati kuomba kaa la moto. Gesi haina kaa. Tangu niiwashe, Kogo akawa hana cha kuomba, akabaki kwake.

"Si umnunulie kiberiti?"

"Ako navyo vitatu."

Nikaweka kikombe chini.

"Mwaka jana kuna siku hakukuja," akasema. "Nikaenda, nikamkuta ameanguka nyuma ya mlango. Sasa umeniletea moto wa kutoombwa. Nitajuaje kama ameamka?"

"Uende umwangalie asubuhi."

"Nilienda. Akaniuliza kama nimekuja kuona kama amekufa."

Hapo hasira yangu ikaisha, nikaona aibu. Nilipoujenga mtambo ule niliujenga vizuri kabisa, ila sikuuliza chochote.

Saa nne nilianza kuchimba mtaro, kutoka kwa Mama Chebet hadi jikoni kwa Kogo. Saa tisa bomba lilikuwa limefika na jiko la pili limekaa mezani. Kogo alisimama mlangoni akilikagua.

"Nikitaka kuwasha?"

"Unafunguliwa koki."

"Iko wapi?"

"Kwa Mama Chebet, ukutani."

"Kwa hivyo lazima niende nikaombe."

"Lazima, Kogo. Kila asubuhi."

"Wewe ni fundi mbaya sana," akasema, kisha akaingia ndani kutafuta viatu.

Jioni nilirudi Kimumu polepole. Nimeweka koki nyingi maishani, lakini sikuwa nimewahi kuweka moja mbali hivyo na jiko lake kwa makusudi. Nilichojifunza ni kidogo: kabla ya kupima bomba, uliza nani huomba moto kwa nani.

Majirani wawili kati ya wale sita wameshaniita niwajengee mitambo. Mama Chebet naye anasema Kogo hufika saa moja kamili, anakaa mpaka chai iishe, na kila siku analalamika juu yangu. Naomba Mungu ajalie Kogo asinyamaze.